Randa ya unene hainyooshi ubao uliopinda

Jamani hii naisikia sana huku Nyakato, eti sisi wa useremala wa wikiendi tukichanga hela tukanunua randa ya unene, ile mashine ya kupunguza unene wa ubao, basi mbao zote zitanyooka, hapana! Ile ina rola zinazoukandamiza ubao wakati visu vinapita juu, ukitoka upande wa pili unapinda tena vilevile, umepungua unene tu. Kinachonyoosha ni randa ya meza, ile unayosukumia ubao kwa mkono juu ya meza yake, visu viko chini na hakuna rola.

Kwa hiyo mkichanga, mmoja akae na hii mwingine ile. Hela ikitosha moja tu chukueni ya unene, halafu ubao mlaze juu ya plaiwudi nene iliyonyooka, pale ubao unapocheza chomekeni kabari mzibane kabisa zisihame, ili rola zisiukandamize, mpitishe kidogokidogo, milimita 1 inatosha.