Unapomhudumia Mtu Unayeabudu Naye

Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayehudumia watu wa imani yake hana namna ya kuwakwepa wateja wake. Wiki nzima anasikiliza habari za ndoa inayovunjika, na siku ya ibada wanandoa wale wale wamekaa safu ya mbele yake. Kanuni za maadili za NASW, chama cha taaluma hii nchini Marekani, hazimtaki ahame nyumba ya ibada. Zinakataza mahusiano ya namna mbili, yaani kumhudumia mtu huku una uhusiano mwingine naye nje ya kazi, pale yanapoweza kumdhuru mteja au kumnyonya. Yasipoepukika, jukumu la kuweka mipaka ni la mtaalamu.

Kazi hiyo ianze kikao cha kwanza. Mwulize mteja: tukikutana kwenye ibada, ungependa tusalimiane vipi? Wapo watakaotaka salamu ya kawaida, wapo watakaopenda mpishane tu. Mweleze pia kwamba habari za kesi hazizungumzwi mlangoni, hata akizianzisha yeye.

Kinachowaponza wengi ni maombi. Mtu anasema kwa nia njema, "Tumwombee dada yetu mmoja anayepitia magumu nyumbani," na kabla watu hawajaitikia amina wameshajua ni nani. Hata kule kuwa mteja tu ni siri. Kiongozi wa dini akikuuliza, "Yule kijana niliyemleta anaendeleaje?" mjibu kwa heshima kwamba huzungumzii nani unamhudumia. Mteja akiridhia kwa maandishi kiongozi ashirikishwe, mzungumze yale tu aliyoyakubali.

Penye mtego mkubwa zaidi ni kamati ya misaada ya nyumba ya ibada, inayoamua nani asaidiwe. Jina la mteja wako likisomwa, ukichangia hoja unatumia siri yake. Ukinyamaza, huenda akakosa anachostahili. Ukitoka nje kwa jina lake peke yake, umeshamtangaza. Kwa maoni yangu, ni heri usiketi kwenye kamati hiyo kabisa. Ikishindikana, pendekeza mapema utaratibu wa mjumbe yeyote kujitoa kwenye jina lolote bila kutaja sababu, nawe uutumie hata kwa wasio wateja wako.

Kukopeshana na mteja au kumpa kibarua, usijaribu.

Kesi nyingine zisipokelewe tangu mwanzo: ya jamaa yako, au ya kiongozi unayewajibika kwake. Mpe rufaa kwa mwenzako. Lakini usiharakishe kumhamisha kila muumini, maana wengine wamekuja kwako kwa sababu hawatalazimika kueleza imani yao upya. Kumbuka tu kwamba huduma ikiharibika, mtu huyo anaweza kupoteza msaada na mahali pa kuabudia kwa mpigo mmoja.

Mkiamua kuendelea, andika kwenye faili uhusiano uliopo, hatari mlizozijadili na mlichokubaliana, kisha ulipeleke suala hilo kwa msimamizi wako wa kazi, ikiwezekana asiyeabudu pamoja nanyi.