Kuthibitisha utambulisho wa mteja mpya: maana yake

Unafungua akaunti kwenye simu, programu inataka picha ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, mbele na nyuma, kisha inakuambia utazame kamera na ugeuze uso kushoto. Shughuli yote hiyo ndiyo uthibitishaji wa utambulisho. Wengi hudhani ni kutuma kitambulisho tu. Hiyo ni nusu, tena ile nyepesi.

Swali la kwanza ni hili: mtu huyu yupo kweli? Uganda jibu liko NIRA, mamlaka ya vitambulisho, na ufunguo wake ni NIN, namba ya utambulisho ya kitaifa, yenye herufi na tarakimu 14. Raia mwanamume huanza na CM, mwanamke CF, halafu mwaka wa kuzaliwa: aliyezaliwa 1989 ni CM89 au CF89. Ukidai umezaliwa 1995 huku NIN yako inasema 89, umejichongea mwenyewe.

Swali la pili ndilo gumu: aliyeshika simu ndiye mwenye kadi? Kadi huokotwa kwenye teksi, na picha yake huzunguka WhatsApp. Ndiyo sababu unaambiwa upepese macho. Picha ya karatasi haipepesi.

Ila wengi hawakwamishwi na wizi, hukwamishwa na majina. Binamu yangu wa Arua ni Mohammed kwenye kadi, Muhamadi benki, na laini anayotumia ilisajiliwa kwa NIN ya shemeji yake. Sisi nyumbani tunamjua ni mmoja. Kompyuta iliona watu watatu, ikamkataa mara tatu. Dawa yake haikuwa selfi nzuri zaidi, ilikuwa laini yenye jina lake, na jina kuandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi.

Mkimbizi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi, hana NIN ya raia. Ana kitambulisho cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Fomu yenye kisanduku cha NIN peke yake imemfungia mlango kabla hajabisha hodi, na huo, kwa maoni yangu, ni uvivu wa aliyeitengeneza.

Taasisi za fedha hazifanyi haya kwa kupenda: sheria ya 2013 dhidi ya utakatishaji fedha inazitaka zimjue mteja. Nayo sheria ya 2019 ya ulinzi wa data inakuruhusu uulize taarifa zako zinatumikaje. Kwa hiyo wakala akisema umtumie picha ya kadi kwenye WhatsApp yake, "nitamalizia jioni", hapo hakuna kinachothibitishwa. Umempa kadi yako tu.