Mengineyo si mahali pa shida zako

Juzi tena. Kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaanza nilimuuliza mama mmoja, "Lile la vyoo vya shule umekuja nalo?" Akanijibu bila wasiwasi, "Mtendaji, tulia. Nasubiri mengineyo."

Jamani. Miaka yote hii ninaandika mihtasari hapa Ukerewe, na bado watu wanaamini Mengineyo, ile ajenda ya mwisho ya kikao, ndiyo ajenda ya wananchi, kwamba hizo nyingine ni za wakubwa. Sivyo kabisa.

Mnafika kwenye Mengineyo saa ngapi? Saa kumi na mbili, jua linazama. Mapato na matumizi yameshasomwa na watu wamegombana weee mpaka wamechoka. Kama ni siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa walishaondoka zamani kwenda kuandaa taa. (Ndiyo maana mikutano yangu naipanga kwa mbalamwezi. Mwongozo hausemi hivyo, ila mwongozo hauvui dagaa.) Mwenyekiti anasema, "Kwa kifupi, mama." Mama anaongea, watu wanapiga makofi, nami naandika: *Mjumbe alishauri vyoo vya shule viangaliwe.*

Tazama hiyo sentensi. Viangaliwe na nani? Lini? Kwa fedha ipi? Neno "alishauri" halina mwenyewe. Kikao kijacho tukifika kwenye Yatokanayo, pale tunapofuatilia ya kikao kilichopita, nasoma maazimio, na ushauri si azimio, kwa hiyo siusomi. Mama anarudi nyumbani akisema mtendaji kala hela.

Sasa linganisha: *Mkutano uliazimia halmashauri ya kijiji, pamoja na kamati ya shule, ihesabu upungufu wa matundu ya vyoo na kuwasilisha taarifa kikao kijacho.* Hapo nimejifunga mwenyewe. Nisipoleta hiyo taarifa, yeyote anaweza kusimama kwenye Yatokanayo akaniumbua mbele ya watu. Jambo likitushinda kijijini, linapanda na karatasi kwenda kamati ya maendeleo ya kata. Diwani naye hawezi kwenda Nansio, makao makuu ya wilaya, kwenye baraza la madiwani kupeleka makofi.

Na ukija, njoo na hesabu. Kiwango kinajulikana: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Hesabu mabinti, gawanya, taja pengo. Utaona wazee wanavyokaa wima.

Ajenda inaingiaje? Mfuate mwenyekiti wa kitongoji chako kabla halmashauri ya kijiji haijakaa kuandaa mkutano. Basi.

Niseme na langu. Nimewahi kumnong'oneza mwenyekiti, "Hilo tuliweke kwenye mengineyo," nikijua fika nalizika. Maazimio mazuri nayo hukaa kwenye Yatokanayo vikao vitatu, na mbele yake naandika "utekelezaji unaendelea" wakati hakuna kinachoendelea. Halafu kuna hili linaloninyima raha: yule mama haandiki, na mwenyekiti wake wa kitongoji hampokelei simu. Nikiwafungia watu Mengineyo, huyo atasemea wapi?

Sina jibu. Safari hii nilichukua kalamu nikamwandikia mwenyewe pale pale chini ya mwembe, ikaingia kama ajenda namba 5. Mwalimu mkuu alininunia.

Mkutano ujao uko mbalamwezi ijayo, tangazo nitalibandika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Wenye ajenda mniletee kabla sijalibandika.