Je, wajua kwa nini madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa Arusha hayatoki kwa mswaki?

Mtu aliyekulia Arumeru akihamia Dar es Salaam kusoma au kutafuta kazi, haupiti muda mrefu kabla hajaulizwa kuhusu meno yake. Wengine humuuliza kwa utani, wengine humvuta pembeni na kumtajia dawa ya meno wanayodhani itamsaidia. Anayeuliza huwa ameshajipa jibu: huyu hapigi mswaki, au anapenda mno chai, au anavuta sigara. Majibu yote matatu si sahihi, na la kwanza ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linamsingizia uchafu mtu ambaye tatizo lake lilitoka ardhini.

Rangi ile imo ndani ya jino, si juu yake. Chanzo chake ni madini ya floraidi yaliyokuwemo kwenye maji aliyokunywa utotoni, wakati meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya. Madaktari wa meno huiita hali hiyo florosisi.

Dhana ya mswaki inastahili kujibiwa kwa kirefu, maana ina madhara. Ukoga, madoa ya chai na ya tumbaku hukaa juu ya jino. Huanzia karibu na fizi na katikati ya jino na jino, mahali mswaki usipofika vizuri, na daktari akiyakwangua hutoka. Florosisi haifuati utaratibu huo. Simama mbele ya kioo, uangalie meno mawili makubwa ya mbele juu: kama ni florosisi, la kulia na la kushoto huwa yamefanana, mara nyingi yana mistari au mawingu yanayolala kwa upana wa jino, kwa kimo kilekile. Ni kwa sababu meno hayo mawili hujengwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo lililompata moja limempata na mwenzake. Jino moja peke yake likigeuka kijivu, hiyo ni habari nyingine, pengine liliwahi kupigwa likafa ndani. Na doa lenye shimo linalonasa chakula huenda ni jino linaloza.

Asiyejua tofauti hiyo hujaribu kusugua. Atatumia mkaa, majivu, mchanga laini, hata limau. Mkaa na mchanga hukwangua jino, tindikali ya limau hulilainisha, na baada ya miezi kadhaa mhusika hubaki na meno ya kahawia yaleyale, ila sasa maji baridi yanamchoma. Upande mwingine kuna mwalimu anayekagua usafi mstarini asubuhi, kucha na nywele na meno, akamtoa mbele mtoto aliyepiga mswaki vizuri kuliko wote. Mtoto huyo hujifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na wengi hubaki hivyo hadi utu uzima.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Jino lenye florosisi halioti likiwa la kahawia. Huota jeupe, jeupe la chaki, lisilo na ule mng'ao wa jino la kawaida. Ukahawia huja baadaye, jino likiwa tayari limetokeza kinywani. Maji yenyewe nayo hayana kosa linaloonekana: floraidi kwa viwango hivyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Basi rangi inatoka wapi?

Inabidi kuangalia jino linavyojengwa. Enameli, ile sehemu ngumu ya nje, hutengenezwa na seli maalumu zinazofanya kazi kwa awamu. Kwanza hutandaza protini na fuwele nyembamba za madini. Baadaye huivunjavunja ile protini na kuiondoa, ili fuwele zinenepe na kujaza nafasi yote. Kazi ikimalizika, karibu asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini matupu, na ndiyo maana hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini.

Mfikirie fundi anayemwaga zege la nguzo. Ndani ya fremu kuna vipande vya mbao vya kushikilia nafasi, na anatakiwa avitoe kwa zamu huku akiongeza zege, mpaka nguzo ishibe. Sasa akicheleweshwa, saa ya kukabidhi nyumba ikafika mbao nyingine zimo bado ndani, nguzo itasimama, na kwa nje lipu itaonekana nzuri. Lakini ndani kuna mapengo. Miaka inavyokwenda maji yanajipenyeza humo, na ukuta uliokuwa mweupe unaanza kutoa madoa ya kahawia. Kuupiga brashi hakusaidii, kwa sababu doa halikukaa juu ya lipu. Na pale mapengo yalipo makubwa, lipu hubanduka yenyewe ikaacha shimo.

Floraidi nyingi humchelewesha fundi huyo. Protini haitoki kwa wakati, jino linaota likiwa na vitundu vidogo mno chini ya ngozi yake ngumu. Vitundu hivyo hutawanya mwanga, ndipo jino likaonekana la chaki. Kisha rangi za vyakula na vinywaji huzama humo polepole, na weupe ule unageuka manjano, halafu kahawia. Kwa walioathirika sana, enameli ya juu humeguka na kuacha vishimo. Floraidi inacheleweshaje kazi hiyo hasa? Hapo wanasayansi hawajaafikiana. Wapo wanaoona inavuruga vimeng'enya vinavyovunja protini, wapo wanaoona seli zenyewe ndizo zinazoelemewa.

Seli hizo hupotea jino linapotokeza, ndiyo maana jino haliwezi kujirekebisha. Kwa sababu hiyohiyo, mtu mzima akihamia Arusha hawezi kupata madoa haya, hata akinywa maji ya huko miaka 30. Umri wa hatari kwa meno ya mbele ni mwaka wa pili na wa tatu wa maisha, na mtoto akifika miaka 8 hivi, vichwa vya meno yake ya ukubwani, isipokuwa magego ya mwisho, vimeshajengwa.

Kwa nini Arusha? Mlima Meru ni volkano, na miamba ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi. Maji ya eneo hilo yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi na kuizamisha. Isipokuwepo, floraidi inabaki ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya maziwa ya Momela, karibu na mlima huo, yana mamia ya miligramu kwa lita. Watu wa Nakuru nchini Kenya na wa Ethiopia nao wana shida hiyohiyo. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kabla ya kushuka hadi 1.5.

Waliolitambua jambo hili kwanza kwa kuliandama walikuwa Marekani. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta watu wengi wana madoa ya kahawia. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: nyama ya nguruwe nyingi, maziwa mabaya. Mwaka 1923 aliitwa Oakley, mji mdogo wa Idaho, ambako wazazi walimwambia kwamba madoa yalianza baada ya bomba jipya kuleta maji kutoka chemchemi ya maji ya moto. Hakuwa amegundua sababu bado, lakini aliwashauri waliache bomba lile. Wakaliacha, na meno yaliyoota kwa watoto waliofuata yakawa safi. Floraidi yenyewe ilitajwa mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya Alcoa alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas. Nawavulia kofia wazazi wa Oakley. Waliliona bomba kabla maabara haijaiona floraidi.

McKay na mwenzake G. V. Black walibaini pia kwamba meno yale yenye madoa hayakuoza kwa urahisi. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa hoja kwamba floraidi kidogo hulinda meno, na mwaka 1945 Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza kuiongeza kwenye maji. Kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi si adui, mradi mtoto mdogo awekewe kiasi cha punje ya mchele na afundishwe kutema.

Kuhusu maji, kosa kubwa ni kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, na kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arusha, kimeshughulika na mkaa wa mifupa wa kuondoa floraidi kwenye maji: mifupa ya mifugo huchomwa kwa hewa kidogo, kisha maji hupitishwa humo. Unafanya kazi kwa sababu madini ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino, na huivuta floraidi hata mfupa ukiwa umeungua. Kwa sababu hiyo pia mtu anayekunywa floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kukakamaa viungo.

Kuna na magadi ya kulainishia maharage na makande. Utafiti uliofanyika Tanzania miaka ya 1990 uliyahusisha na florosisi kwa watoto wa maeneo ambayo maji yake hayana floraidi nyingi. Ni magadi yapi na kwa kiasi gani hutegemea yalikochimbwa, hivyo haifai kuyahukumu yote sawa, lakini mama anayemlisha mtoto wa miaka miwili angeweza kumpikia chungu chake bila magadi.

Kliniki za meno zinazoandika maelezo ya wagonjwa ningezishauri zisianze na "piga mswaki mara mbili kwa siku". Zianze na swali ambalo daktari mzuri huuliza kabla hajashika kioo: ulikunywa maji ya wapi kabla hujafika miaka 8? Swali hilo peke yake humwondolea mgonjwa aibu. Kisha zimweleze yanayowezekana. Madoa mepesi hupunguzwa kwa kusuguliwa na daktari kwa tindikali na unga maalumu, kazi ambayo haifai kuigwa nyumbani. Kung'arisha kwa dawa husaidia baadhi, ingawa mwanzoni mabaka meupe huonekana zaidi. Utomvu maalumu unaweza kujaza vile vitundu. Jino lililomeguka huhitaji kujazwa au kufunikwa kwa ganda jembamba, na hilo ni ghali, kwa hiyo bei itajwe mapema.