Dawa ya tegu na saratani ya ini: yasemwayo na yaliyoonekana

"Dawa ya minyoo imethibitika kutibu saratani ya ini."
Bado. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa kazi yao juu ya niklosamidi, dawa ya siku nyingi ya tegu. Hawakuanza kwa kuimwaga kwenye seli. Walianza na kompyuta: jeni zipi zimechachamaa kwenye uvimbe wa ini, zipi zimenyamaza, na ni dawa gani kwenye kumbukumbu za majaribio ya awali huleta mwelekeo wa kinyume. Niklosamidi ikajitokeza. Ndipo wakaipeleka kwenye seli, kisha kwa panya. Panya, si wagonjwa.

"Kumbe dawa hiyo hubadilisha jeni."
La. Jeni zinabaki zilezile. Kinachopimwa ni mRNA, yaani nakala ambazo seli hutoa jeni inapotumika. Seli ya ngozi na ya ini zina jeni zilezile pia, ila hazitumii zilezile.

"Kama imeua seli maabara, itaua na uvimbe."
Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Seli zimeng'ang'ania sakafu ya kichupa cha plastiki, zimefunikwa na maji ya rangi ya waridi ambayo hugeuka manjano zikishakula vya kutosha. Dawa inatoneshwa humo humo, inazifikia bila kizuizi. Mtu humeza kidonge. Sasa niklosamidi hufyonzwa kidogo mno na utumbo, na ndiyo sifa yake kwa tegu, maana hubaki alipo mdudu. Kwa ini, sifa hiyo hiyo ni balaa. Ndiyo sababu watafiti wale waligeukia chumvi yake ya kikemia (si ya chakula), niklosamidi ethanolamini, inayofika kwenye ini kwa wingi zaidi. Anayebugia vidonge vya duka la dawa hajafanya walichofanya wao.

"Seli za saratani ya ini ni seli za saratani ya ini, basi."
Mimi nikisoma ripoti hutazama kwanza jina la seli. HepG2, seli zinazokuzwa na kutumika maabara kila mahali, zilitoka kwa kijana wa miaka 15, na kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa saratani ya kawaida ya ini la mtu mzima. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha ni hepatoblastoma, uvimbe wa utotoni. Hazina virusi vya homa ya ini B, na jeni yao ya TP53, ile inayozuia seli kugeuka saratani, ni nzima. Uvimbe uliotokana na sumukuvu ya mahindi na karanga, mara nyingi jeni hiyo huwa imeharibika, tena mahali palepale kwenye jeni. Kwa hiyo kilichoonekana kwa HepG2 huenda kisionekane kwa uvimbe huo.