Kwa Nini Mwanachama Mpya Hajitambulishi

Katika miaka niliyosimamia jumuiya za mtandaoni, lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wasimamizi wenzangu ni kwamba wanachama wapya wanaingia, wanasoma, kisha wanakaa kimya. Wengi hukichukulia kimya hicho kuwa uvivu au dharau. Mimi huona kuwa, mara nyingi, kosa ni letu wenyeji, kwa sababu tunawauliza swali lisilojibika.

Tazama ombi lililozoeleka: "Karibu sana! Tafadhali jitambulishe." Mtu aliyeingia dakika mbili zilizopita hajui kama anatakiwa kutaja jina au kazi yake, kama aandike mstari mmoja au aya tatu, wala hajui wanaomsoma ni akina nani na watamcheka kwa lipi. Anayejikaza huandika, "Habari zenu, mimi ni mgeni hapa, nimefurahi kujiunga," na kwa kuwa maneno hayo hayana mahali pa kushika, huambulia alama nne za dole gumba na mazungumzo yakafia hapo.

Katika kundi moja la wafugaji wa nyuki nililolisimamia, tuliliondoa ombi hilo tukaweka maswali mawili: "Una mizinga mingapi, au bado huna hata mmoja? Na ni jambo gani lililokutatiza hadi ukatutafuta?" Swali la kwanza hujibiwa kwa tarakimu moja, na maneno "bado huna hata mmoja" yaliwekwa makusudi ili anayeanza asione haya. La pili ndilo linalofanya kazi yenyewe. Siku chache baadaye mtu mmoja aliandika: "Nina miwili. Nyuki wa mmoja wamehama wiki iliyopita wakaacha masega, na sijui kama kosa ni langu." Kabla ya jioni watu sita walikuwa wamemjibu, mmoja akitaka kujua kama masega yalibaki na asali au yalikuwa makavu, mwingine akiuliza kama aliona sisimizi wakipanda miguu ya mzinga. Jina lake hakulitaja, lakini kundi zima lilikwisha kumfahamu.

Watafiti wa Marekani, akiwemo Robert Kraut wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichambua jumbe 6,172 kutoka makundi 8 ya Usenet, mfumo wa zamani wa majadiliano kwenye intaneti, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 walionyesha kwamba asilimia 27 ya jumbe hazikupata jibu lolote, na kwamba wageni ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kujibiwa. Yaliyoongeza nafasi hiyo ni pamoja na kueleza kidogo habari za mwandishi mwenyewe, kuuliza swali, na kutumia lugha nyepesi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida halisi ya utambulisho: unampa mgeni jibu lake la kwanza, na mgeni aliyejibiwa ana sababu ya kurudi.

Kwa hiyo kazi kubwa huanza baada ya mgeni kuandika. Aliyejitambulisha amepiga hodi, na "karibu" inayotumwa na programu kwa kila mtu kwa maneno yale yale haihesabiki kuwa imeitikia hodi hiyo. Mimi huwapangia zamu wanachama wakongwe wachache, na huwaomba mambo matatu tu: warudie kitu kimoja alichokisema mgeni ili ajue amesomwa, wamuulize swali moja, na wamtajie mwenzao aliyewahi kukutana na tatizo kama lake. Mwenzao huyo huombwa ruhusa kwanza, maana si kila mtu hupenda kuitwa hadharani.

Uzi mmoja wa kudumu wa "Jitambulisheni hapa", yaani mfululizo mmoja wa jumbe ambamo kila mgeni huandika, siupendi. Ukifikisha mamia ya jumbe hugeuka daftari la mahudhurio ambalo hakuna anayelifungua. Ni afadhali uzi mpya kila wiki, ili walioingia pamoja wafahamiane.

Kuna pia wanaonyamaza kwa sababu ya msingi. Katika makundi ya WhatsApp, kwa mfano, nambari ya simu huonekana kwa wanachama wengine, na katika kundi la watu wanaoishi na ugonjwa fulani, kutaja jina na mahali pa kazi kunaweza kumgharimu mtu pakubwa. Jina la kupanga litoshe, na maswali yahusu shughuli iliyowakutanisha, yasihusu makazi wala familia. Tena idadi ya wanyamavu isimtie mtu kiwewe: mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndiyo huandika sehemu kubwa ya yote.

Hilo la mwisho nililijua, na bado nikakosea. Katika kundi lile lile la nyuki niliwahi kutangaza kwamba asiyejitambulisha ndani ya saa 48 ataondolewa, nami nikawaondoa watu thelathini na kitu. Mmoja wao alinitumia ujumbe wa faragha, bila hasira, akinieleza kwamba alikuwa akisoma majibu yetu kila usiku na kwamba alikwisha kuuokoa mzinga wake mmoja kwa ushauri aliopewa mtu mwingine. Nilimrudisha siku hiyo hiyo. Hadi leo hajaandika neno, wala mimi simuulizi.