Fidla, masika na kiyoyozi cha hoteli

Masika ikishaingia tu simu zinaanza. "Fundi, fidla yangu sauti haitoki." Mtu kashanunua seti nzima ya nyuzi mpya kwa bei mbaya, kafunga, na sauti ile ile. Nyuzi hazina kosa jamani, mbao imekunywa maji.

Mbao hata ikae miaka mia bado inavuta unyevu wa hewani na kuutoa, na haivimbi sawasawa, inavimba kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana hata huoni. Sasa uso wa fidla ni ubao wa sprusi wenye unene wa milimita 3 hivi, umegundishwa pembeni kote, ukivimba hauna pa kwenda ila juu. Unapanda na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linapanda nao, nyuzi zinakaa mbali na vidole, mkono unachoka mapema, na juu ya hayo mbao yenye maji inaumeza mtetemo badala ya kuutoa nje, ndo ile sauti ya ndani ndani mnayoilalamikia. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo vinavimba, unakaza mpaka kidole kinauma na havizunguki.

Mafundi wa Ulaya wanataka unyevu uwe baina ya asilimia 40 na 60. Mji Mkongwe wakati wa masika, kwenye nyumba za mawe na chokaa, kupita 80 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo yale maelezo ya kwenye mtandao ya kutia mpira wenye maji ndani ya fidla msiyafuate, yale ni ya watu wanaowasha hita wakati wa baridi mpaka hewa ya nyumbani inakauka. Hapa vijipakti vya silika vya kunyonya unyevu, ndani ya kasha la fidla, vinatosha.

Ila mie unyevu wa kudumu haunitishi sana, fidla inauzoea. Kinachonitisha ni kuruka huku na huku. Kikundi kinafanya mazoezi jioni kwenye fukuto, saa mbili kinaingia ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kinachopuliza kama friji, mbao inaanza kutoa maji, vigingi vilivyokuwa vimegoma sasa vinateleza vyenyewe katikati ya wimbo. Wageni wanaokuja Februari kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara yanawakuta kinyume chake, wanatoka kwenye baridi kavu wanashukia kwenye kaskazi, siku chache tu vigingi vimeganda.

Na joto lina vituko vyake. Nyuzi ya chuma ikipata joto inarefuka, inalegea, sauti inashuka. Nai, ile filimbi ya mwanzi, kinyume chake inapanda, kwa sababu sauti inakwenda mbio zaidi kwenye hewa ya moto, mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, na 349 hivi kwenye 30. Tofauti hiyo ni kama theluthi ya nusu toni, ingawa pumzi ya mpigaji nayo inaitia nai joto ikapunguza kidogo. Kodian, kinanda cha mkono cha kuvuta, haina habari na nyinyi, inabaki karibu pale pale. Sasa piga hesabu takhti nzima, yaani kundi zima la ala, iliyotyuniwa ndani kwenye ubaridi halafu ikatolewa nje Forodhani! Watu wanamlaumu mpiga fidla. Tyuni pale pale mnapopigia, baada ya ala kukaa robo saa, basi.

Upinde: singa za farasi zikipata unyevu zinarefuka, unakaza na kukaza. Ukimaliza kupiga zilegeze kabisa, maana ukiziacha zimekazwa halafu zikakaukia kwenye kiyoyozi zinajivuta na kuupinda mti.

Kwenye gari iliyopaki juani usiiache fidla hata dakika kumi. Gundi ya fidla inapikwa kwa ngozi ya mnyama, inalainika kwa joto na maji, na imewekwa dhaifu makusudi ili kiungo kiachie kabla mbao haijapasuka. Kwa hiyo ukiona pembeni pameachia usitie supaglu, niletee, ni kazi ndogo.

Ile nguzo ya ndani, kijiti kinachosimama baina ya uso na mgongo, masika kinalegea kwa sababu uso umepanda, na kuna mafundi wanakukatia kirefu zaidi ili kibane. Mie sikati. Ikifika Julai uso unashuka, kijiti kirefu kinausukuma kutoka ndani, na ufa wa pale ndo unaoua fidla. Nitakusogezea kidogo tu, cha kukata tuonane kipupwe.